Kuchagua mpangishaji wa tovuti: anza na mlango wa kutokea

Karibu kila anayeniomba ushauri wa mahali pa kuweka tovuti yake huanza na swali la kampuni gani ina bei nafuu. Simlaumu, kwa sababu wengi wanaouliza ni shule, SACCOS, nyumba za wageni na maduka ya vipuri, ambako fedha za tovuti hutoka kwenye fungu lile lile linalonunua karatasi na wino wa printa. Hata hivyo, bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo ni ya siku ya kuingia tu. Gharama yenyewe hujulikana siku mbili nyingine, siku ya kuhuisha mkataba na siku ya kuondoka, na kwa sababu hiyo mimi huikagua kampuni kuanzia nyuma: nikitaka kuhama baada ya mwaka mmoja, nitaondoka na nini, kwa gharama gani, na kwa ruhusa ya nani? Mpangishaji, yaani kampuni inayokukodisha nafasi ya tovuti kwenye seva yake (kompyuta inayowashwa muda wote), akijibu maswali hayo bila kuzunguka, mara nyingi ndiye anayefaa, hata kama bei yake ya kwanza imezidi ya wenzake kidogo.

Tuchukue tangazo la aina tunayokutana nayo kila siku, la dola 2.99 kwa mwezi. Ukifika kwenye ukurasa wa malipo unakuta kwamba bei hiyo ni ya anayelipia miezi 48 kwa mkupuo, yaani dola 143.52 siku hiyo hiyo, na kwamba anayetaka kulipa mwezi kwa mwezi atatozwa mara kadhaa ya hapo. Chini kabisa, kwa maandishi madogo ya kijivu, kuna sentensi inayosema kwamba mkataba utahuishwa kwa bei ya kawaida. Ikiwa bei hiyo ya kawaida ni dola 10.99 kwa mwezi, mwaka wa tano peke yake utakugharimu dola 131.88, karibu sawa na miaka yote minne iliyoutangulia. Hakuna kilichofichwa, maana yote yameandikwa, lakini yameandikwa pale ambapo mtu aliyekwisha kushika kadi mkononi hapasomi. Kwenye ukurasa huo huo huwa kuna visanduku vilivyokwisha kuwekewa tiki kabla hujafika: ulinzi wa tovuti, nakala rudufu za kila siku, huduma ya kuitangaza tovuti kwenye injini za utafutaji. Toa tiki zote, kisha isome jumla upya. Cheti cha SSL, kinachofunga kwa siri mawasiliano kati ya tovuti na msomaji, nacho si cha kulipia kwa tovuti ya kawaida, kwa kuwa huduma ya Let's Encrypt imekuwa ikitoa vyeti bure kwa umma tangu mwisho wa mwaka 2015 na seva iliyopangwa vizuri huvihuisha yenyewe bila wewe kugusa kitu. Kampuni inayomuuzia mwenye duka dogo cheti cha kawaida kwa dola 50 kwa mwaka imeshajieleza tabia yake.

Fedha inayotumika kulipia nayo ina habari yake. Shilingi ya Kenya ilivuka 160 kwa dola Januari 2024, na kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa imerudi karibu na 130. Ile dola 131.88 ya mwaka wa tano ingemgharimu Mkenya aliyehuisha Januari zaidi ya shilingi 21,000, na aliyehuisha miezi michache baadaye kama shilingi 17,000, kwa huduma ile ile. Kampuni ya ndani inayotoza kwa shilingi humwondolea mteja mzigo huo, na kwa Tanzania kanuni za mwaka 2025 zinazuia bidhaa na huduma za ndani kutangazwa au kulipiwa kwa fedha za kigeni. Zaidi ya hapo unalipa kwa M-Pesa au kwa benki, unapewa risiti ya EFD ambayo mhasibu wa shule hatakubali kuikosa, na tovuti haitegemei kadi ya mtu binafsi ambayo siku ya kuhuisha huenda imekwisha muda au haina salio. Nimeona tovuti nyingi zikizimika kwa sababu ya kadi kuliko kwa sababu ya wadukuzi.

Orodha za "wapangishaji kumi bora" ambazo Google hutanguliza hazinisaidii. Waandishi wake wengi hulipwa kamisheni kwa kila anayebofya kiungo chao na kununua, na katika biashara hii kamisheni hiyo hufika makumi ya dola kwa mteja mmoja, kiasi ambacho mara nyingine huzidi alicholipa mteja mwenyewe mwaka wa kwanza. Halafu majina yanayoonekana kushindana si lazima yawe washindani. Endurance International Group iliinunua Bluehost mwaka 2010 na HostGator mwaka 2012, pamoja na kampuni nyingine nyingi, na mwaka 2021 ikaunganishwa na Web.com kuwa Newfold Digital. Si kosa kumiliki kampuni nyingi, lakini anayehama kwa hasira kutoka jina moja kwenda jingine ni vizuri ajue kama fedha zake zinaishia mfuko ule ule.

Nikija kwenye uhakika wa huduma, ahadi ya asilimia 99.9 imekuwa kama salamu, haikosekani kwenye ukurasa wowote. Ukiipigia hesabu, sehemu moja ya elfu ya mwaka wenye saa 8,760 ni karibu saa 8 na dakika 45, ambazo tovuti inaweza kuwa nje ya hewa bila ahadi kuvunjwa. Asilimia 99.99 ingekuwa kama dakika 52. Kinachopaswa kusomwa ni kifungu cha fidia: wengi hutoa sehemu ya ada ya mwezi husika, kwa sharti kwamba mteja mwenyewe adai na athibitishe. Asilimia 5 ya ada ya dola 3 ni senti 15. Fidia ya namna hiyo haimlazimishi mtu yeyote kuamka usiku kuwasha seva, kwa hiyo ninaichukulia ahadi yenyewe kuwa pambo na ninaweka mlinzi wangu. UptimeRobot, katika mpango wake wa bure, huikagua tovuti kila baada ya dakika 5 na kukutumia barua pepe ikizimika, na baada ya miezi miwili ya kumbukumbu hizo unakuwa na kitu cha kuzungumzia na mpangishaji zaidi ya hisia zako.

Seva ikae wapi? Swali hili linastahili nafasi kubwa kuliko linavyopewa. Mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Ikiwa njia ya mkongo kutoka Dar es Salaam hadi kituo cha data cha Ulaya ni kilomita 10,000, kwenda na kurudi hakuwezi kuchukua chini ya milisekunde 100, uwe umenunua seva ya bei gani. Kivinjari kinapofungua tovuti yenye SSL kwa mara ya kwanza hulazimika kwenda na kurudi walau mara tatu kabla ya kupokea herufi ya kwanza ya ukurasa, ambazo ni milisekunde 300 zinazopotea njiani tu, na seva iliyoko Marekani huongeza nyingine juu yake. Kwa nyumba ya wageni ambayo wageni wake wako Ujerumani na Uholanzi, Ulaya ndiyo mahali sahihi pa kuweka tovuti. Kwa SACCOS ambayo wanachama wake wote wako Mbeya, sioni sababu ya kuipeleka Texas.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika upande wa kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za kanda hii kwa siku kadhaa. Mawasiliano ya ndani ya nchi hayahitaji kupita baharini, kwa kuwa watoa huduma hubadilishana data kwenye vituo kama TIX cha Dar es Salaam na KIXP cha Nairobi, na tovuti iliyokuwa kwenye seva ya ndani ilikuwa na njia ya kumfikia msomaji wa ndani. Lakini hapa pana mtego. Kampuni nyingi zenye ofisi Dar es Salaam au Nairobi huuza nafasi kwenye seva zilizoko Ujerumani au Marekani, jambo ambalo ni biashara halali kabisa, ila mteja hudhani amenunua seva ya nyumbani. Waulize waziwazi, kisha uhakikishe: kabla ya kulipa, omba anwani ya seva, ifungulie amri ya ping, inayopima muda wa kwenda na kurudi, ukiwa kwenye mtandao wa hapa hapa, na utazame namba zinazorudi. Seva iliyoko mjini kwako hujibu kwa milisekunde chache au makumi machache, na ukiona 160 au 280 ujue umevuka bahari. Angalia pia seva za DNS zinazotafsiri jina la tovuti kuwa anwani, kwa sababu seva ya tovuti ikiwa Dar es Salaam na DNS zote zikiwa ng'ambo, siku mkongo ukikatika msomaji anaweza kushindwa kulipata jina ingawa ukurasa uko mtaa wa pili.

Asiyetaka kuchagua kati ya ndani na nje anaweza kuweka mbele ya tovuti mtandao wa kusambaza maudhui. Cloudflare ina vituo Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi na ina mpango wa bure, hivyo picha na mafaili mazito yanaweza kutolewa karibu na msomaji hata kama seva yenyewe iko mbali. Haiponyi kila kitu, lakini kwa bei ya sifuri sioni hoja ya kuikataa.

Mipango ya bei nafuu karibu yote ni ya seva ya pamoja, ambapo tovuti mamia hukaa kwenye mashine moja, na neno linalouzwa nayo ni "bila kikomo". Ukifungua masharti ya matumizi, kikomo kipo, kimebadilishwa jina tu. Nafasi ya diski ni huru lakini idadi ya mafaili ina mwisho, tuseme 200,000, na hapo watu hushangaa kwa sababu WordPress tupu, programu ya kujengea tovuti, huja na mafaili elfu kadhaa, kila picha unayopandisha hukatwa katika saizi nyingi, na kwenye seva nyingi kila barua pepe iliyoko sandukuni huhesabiwa kuwa faili moja. Sanduku la barua la ofisi ambalo halijafutwa chochote kwa miaka linaweza kuijaza akaunti kuliko tovuti yenyewe. Kuna kikomo cha RAM, kikomo cha matumizi ya prosesa, na kile ambacho mimi hukitazama kwanza, idadi ya maombi yanayoweza kushughulikiwa kwa wakati mmoja, ambayo katika mipango ya chini huwa 20 au 30.

Shule moja ya sekondari ninayoitunzia tovuti hupata wageni wachache sana kwa siku katika sehemu kubwa ya mwaka. TAMISEMI inapotangaza waliochaguliwa kujiunga na kidato cha tano, wazazi huingia wote kwa pamoja kutafuta fomu ya kujiunga, ile yenye orodha ya sare, godoro, ndoo na michango. Kila mzazi anayefungua ukurasa wa mwanzo huilazimisha PHP, lugha inayoiendesha WordPress, kuujenga ukurasa huo upya kutoka kwenye hifadhidata, maombi yanafika kikomo, na wanaochelewa wanakutana na ujumbe wa kosa namba 508. Dawa yake haikuwa mpango wa bei kubwa. Tulisakinisha programu-jalizi ya kuhifadhi kurasa zilizokwisha kujengwa, tukaibadilisha fomu kutoka picha zilizoskaniwa zenye megabaiti 15 kuwa PDF ya maandishi isiyofika megabaiti moja, na kiungo chake kikawekwa juu kabisa ya ukurasa ili mzazi asihitaji kupekua. Mpangishaji akikushauri upande daraja kabla hajakuuliza ukurasa wako una uzito gani, huyo anauza.

Seva pepe (VPS), yaani sehemu ya seva unayoisimamia mwenyewe, za dola 5 au 6 kwa mwezi ni nzuri sana kwa anayezijua, na kwa asiyezijua ni mzigo, kwa sababu wewe ndiye utakayesasisha mfumo, utakayeweka ukuta wa moto (firewall) wa kuzuia wavamizi na utakayeulizwa barua pepe zimekwenda wapi. Shule isiyo na mtu wa TEHAMA isizikaribie.

Nakala rudufu ndizo mlango wa kutokea wenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la SBG2 la kituo cha data cha OVH huko Strasbourg, Ufaransa. Hakuna aliyejeruhiwa, lakini Netcraft, kampuni inayofuatilia tovuti duniani, ilikadiria kwamba tovuti milioni 3.6 zilitoka hewani, na wapo wateja ambao data zao hazikurudi kamwe. Mwaka 2023 mahakama ya biashara nchini humo ilimpa haki mteja aliyekuwa amelipia nakala rudufu, akaja kugundua kwamba nazo zilihifadhiwa ndani ya jengo lile lile lililoungua. OVH ni miongoni mwa kampuni kubwa za Ulaya katika kazi hii, kwa hiyo ukubwa wa jina hauwezi kuwa ndio nakala yako.

Ninachofanya hakihitaji utaalamu. Kila mwezi ninashusha vitu viwili, folda ya mafaili yote ya tovuti na faili la hifadhidata lenye mwisho wa .sql, na kuviweka nje ya kampuni inayoipangisha tovuti. Kisha ninatazama ukubwa, kwa sababu faili la hifadhidata lenye kilobaiti 0 huonekana kwenye orodha sawasawa na lile zima. Mara moja moja ninairejesha tovuti nzima kwenye kompyuta yangu kwa kutumia XAMPP, programu inayoigeuza kompyuta kuwa seva ya majaribio, maana nakala ambayo haijawahi kufunguliwa bado ni tumaini tu. Kwa mpangishaji huuliza mambo matatu: nakala mnazifanya mara ngapi, ninaweza kujishushia mwenyewe bila kuomba, na kurejesha mnatoza kiasi gani? Wapo wanaotengeneza nakala bure na kutoza kwa kuirejesha, na bei hiyo huiona siku unayoihitaji, ukiwa huna nguvu ya kubishana.

Kuondoka hurahisishwa pia na paneli ya usimamizi, yaani ukurasa wa kuendeshea akaunti yako, kama cPanel. Akaunti ya cPanel hufungwa katika faili moja na kufunguliwa kwa mpangishaji mwingine mwenye cPanel, na wengi wao huifanya kazi hiyo bure wakikupokea. Mwaka 2019 cPanel ilibadilisha utaratibu wake wa leseni ikaanza kutoza kwa idadi ya akaunti, baadhi ya wapangishaji wakapandisha bei na wengine wakahamia paneli nyingine kama DirectAdmin, ambazo hazina ubaya wowote. Ninazokwepa ni paneli zilizobuniwa na kampuni kwa ajili yake yenyewe zisizo na kitufe cha kutoa akaunti nzima, pamoja na zile huduma za kujenga tovuti kwa kuburuta ambapo ukitaka kuondoka unaondoka na maandishi yako tu.

Jina la kikoa (domeni), ile anwani ya tovuti inayoandikwa kwenye kivinjari, liwe tofauti na mpango wa kupangisha, na liwe la mwenye tovuti. Katika kazi hii sijaona ugomvi unaojirudia kuliko huu: fundi aliyetengeneza tovuti alisajili jina kwa barua pepe yake binafsi, amehamia mkoa mwingine au amebadilisha namba ya simu, na shule haiwezi kuhama kwa kuwa kwenye rekodi si mmiliki. Majina ya .tz na ya .ke huuzwa kupitia wasajili waliopewa idhini, kwa hiyo unaweza kulisajili jina kwa mmoja na kuipangisha tovuti kwa mwingine, ukiunganisha viwili hivyo kwa mipangilio ya DNS. Barua pepe ya usajili iwe ya ofisi, na isiwe ile iliyo chini ya jina hilo hilo, kwani jina likiisha muda hata onyo halitakufikia. "Domeni ya bure mwaka wa kwanza" ni zawadi yenye kamba: ukiondoka kabla ya mwaka mara nyingi hukatwa bei yake kwenye marejesho, na .com iliyosajiliwa karibuni kwa kawaida haihamishiki kwa msajili mwingine ndani ya siku 60 za kwanza.

Kabla ya kulipa, ninawaandikia kitengo cha huduma kwa wateja mida ya saa tatu usiku siku ya Jumamosi, nikiuliza seva iko wapi, bei ya kuhuisha ni ipi, na PHP ni toleo gani. Muda wa kujibu una maana, lakini jibu lenyewe lina maana zaidi. Anayeniambia kwamba toleo la juu kabisa walilonalo ni PHP 7.4, lililoacha kupata marekebisho ya usalama Novemba 2022, amenipa habari ambayo hakuna tangazo lingenipa, na anayenijibu maswali matatu kwa kiungo cha ukurasa wa bei vivyo hivyo. Kwa kampuni za hapa nyumbani ninapiga simu pia, maana yapo mambo ya tovuti yanayotatuliwa kwa dakika tano za mazungumzo ya Kiswahili kuliko kwa tiketi sita za maandishi.

Anayeingia kwa mara ya kwanza namshauri alipie mwaka mmoja, asifuate punguzo la miaka minne, na aweke kwenye kalenda tarehe iliyo mwezi mmoja kabla ya mkataba kwisha. Siku hiyo atazame kumbukumbu za UptimeRobot na bei ya kuhuisha. Akiamua kuhama, apunguze kwanza muda wa TTL kwenye DNS, yaani muda ambao anwani ya zamani hukumbukwa, hadi sekunde 300, aipandishe nakala kwa mpangishaji mpya na kuikagua huko, ndipo abadilishe anwani, na akaunti ya zamani aiache ikiwa hai wiki moja au mbili zaidi, kwa sababu barua pepe huendelea kuingia upande wa zamani hata baada ya tovuti kuhama.